NDOO TULIZIONA, MAJI JE?

Vijana wenzangu wa vijiweni, naomba dakika mbili tu. Mimi nimeishia kidato cha nne, uchumi siujui, lakini kuhesabu najua.

Mwaka 2020 korona ilipoingia, halmashauri zilituwekea ndoo za koki masokoni na stendi. Wiki ya kwanza maji na sabuni tele. Baadaye ndoo ya soko letu ikakauka, tukawa tunachangishana wenye meza kumlipa muuza maji wa mkokoteni. Ushuru? Ulidaiwa kila siku, bila huruma!

Mei mwaka huo takwimu za taifa zilikoma kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, kimya hadi 2021. Diwani angepanga nini gizani? Hapo namtetea, ingawa hastahili. Lakini kujaza ndoo kulihitaji takwimu gani?

Sikiliza. Baraza la madiwani hukaa kila miezi mitatu, kwa sheria ya 1982, na mwananchi anaruhusiwa kuingia kusikiliza. Wewe umeingia lini? Mara ya mwisho nilikaa peke yangu na mbu. Kikao kijacho nikukute umeshawahi kiti, risiti za ushuru mfukoni.