Ukinyimwa Fidia, Hesabu Siku
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)

Ndugu wafanyakazi,

Leo tunataka kusema juu ya mwenzetu aliyeumia kazini akanyimwa fidia, au akapewa kidogo. Wengi wakipata barua ya kukataliwa huikunja, wakaitia mfukoni, wakarudi nyumbani kimya. Jambo hilo tuliache.

Sheria ya fidia ya majeraha ya kazini ni ya mwaka 2007. Ukiumia, mwarifu mwajiri siku ile ile, mbele ya mwenzako aliyeona. Mwajiri akisha pata habari, ana siku 7 za kumwarifu Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Madai yako nayo yafike kabla miezi 12 haijapita.

Ukiambiwa, "Ni uzembe wako, huna haki," usikubali. Sheria humnyima mtu kwa kosa la makusudi tu, na hata hilo halimnyimi aliyepata ulemavu mkubwa, wala jamaa za aliyekufa.

Kisha tazameni asilimia ya ulemavu anayoandika daktari, kwa maana hiyo ndiyo pesa yenyewe. Ulemavu wa kudumu hupigiwa hesabu kwa mshahara wa miezi 96. Tuseme mtu hupata shilingi 20,000 kwa mwezi. Miezi 96 ni shilingi 1,920,000. Akiandikiwa asilimia 20, fidia yake ni shilingi 384,000. Akiandikiwa 10, ni shilingi 192,000. Nusu imekwenda kwa tarakimu moja.

Uamuzi wa Mkurugenzi usipokuridhisha, una siku 60 za kumpelekea pingamizi. Yeye ana siku 14 za kujibu kwa maandishi na kutoa sababu. Jibu hilo nalo lisipokuridhisha, una siku 30 za kukata rufani katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Watu husema haki haipotei. Ndugu zetu, hii hupotea siku zikipita. Kwa hiyo kila barua iandike tarehe uliyoipokea. Weka nakala ya fomu ya ajali na cheti cha daktari. Halafu uje ofisi ya chama wiki ile ile. Asiyejua kusoma asione haya, tutasoma pamoja naye. Tusimwache mwenzetu ahesabu siku peke yake.