Hesabu ya Maji: Nyumba Iliyofungwa Si Sifuri

(Maneno ya Kamati ya Maji mbele ya mkutano wa wanachama. Yameandikwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakufika.)



Mlitutuma tupite nyumba zote na swali moja: kwenda kuchota maji, kukaa foleni na kurudi, ni dakika ngapi? Fedha ya ushirika inatosha kisima kimoja tu, na mlitaka kujua kichimbwe wapi. Kazi tumeifanya, lakini hatukuja hapa kujisifu. Tulikaribia kuwaletea jibu la uongo, na ni haki yenu kujua lilivyotokea.

Vijana walikwenda na daftari na simu. Daftarini waliandika kitongoji, namba ya nyumba na dakika. Simu ikawapa namba mbili za mahali, yaani latitudo na longitudo. Kisha yote yakaingizwa kwenye lahajedwali ndani ya kompyuta. Msiogope neno hilo. Ni daftari la mistari na safu, kama lile tunalopokelea alizeti pale ghalani: kila nyumba mstari wake, kila jibu safu yake. Ila hili linajumlisha lenyewe, na linajumlisha vile vile ulivyoandika. Mlimani iliandikwa kwa namna tatu, moja ikiwa na nafasi katikati ya neno. Basi kompyuta ikatuletea vitongoji vitatu!

Kwenye ramani nako kulikuwa na vituko. Sisi wa Dodoma tuko kusini mwa ikweta, kwa hiyo latitudo yetu lazima itanguliwe na alama ya kutoa. Kijana mmoja aliisahau, nyumba zake zote zikahamia Ethiopia. Mwingine alibadilisha safu, latitudo kwa longitudo, watu wakatupwa baharini karibu na Moroko. Tulicheka sana. Lakini makosa ya namna hiyo hayana hatari kubwa, maana yanaonekana kwa macho.

La hatari lilikuwa hili. Tulipopanga wastani wa kila kitongoji, Mlimani ikatokea miongoni mwa walio karibu na maji. Mlimani, ndugu! Mama mmoja wa kamati, mkazi wa huko huko, akasema, "Hiyo karatasi yenu imelewa." Tukarudi kwenye madaftari. Tukakuta kwamba kila nyumba iliyokuwa imefungwa, mwandishi aliweka 0 kwenye safu ya dakika. Na kwa nini zilifungwa? Vijana walipita asubuhi, wenye nyumba wakiwa bondeni wanangoja maji. Yaani walio na shida kuliko wote ndio waliohesabiwa kuwa maji yako mlangoni.

Hebu tuchukue mfano mdogo. Nyumba tano: dakika 90, 80, 100, halafu mbili zimefungwa. Ukiandika 0 kwa hizo mbili, jumla ni 270, ukigawa kwa 5 unapata 54. Ukiziacha tupu, lahajedwali linaziruka, linagawa kwa 3, wastani ni 90. Daftari lile lile, watu wale wale. Na hata hiyo 90 ni ya waliokutwa nyumbani tu. Kwa hiyo tukafuta sifuri zote za namna hiyo, na vijana wakarudi jioni kuuliza upya.

Ndipo tukachora ramani kwa QGIS, programu isiyolipiwa, juu ya ramani ya OpenStreetMap, ambayo watu wa kujitolea wanaichora tangu mwaka 2004. Kila nyumba ni nukta. Kijani ni dakika 30 au chini yake, maana hicho ndicho kipimo ambacho Shirika la Afya Duniani na UNICEF wanakitumia kwa huduma ya msingi, foleni ikiwemo. Nyekundu ni zaidi ya 30. Nukta nyekundu zimejikusanya Mlimani, upande wa juu wa korongo. Si mnaona wenyewe?

Mzee mmoja aliuliza kama nukta zinaweza kuamua jambo la maji. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua watu mtaa wa Soho, London. Daktari John Snow aliweka alama za waliokufa nyumba kwa nyumba, nazo zikazunguka pampu moja ya Broad Street. Mpini wa pampu hiyo uliondolewa tarehe 8 Septemba. Sisi tulipenda zaidi kwamba aliuliza pia habari za mahali pasipo na alama. Kiwanda cha pombe kilikuwa karibu pale pale, na wafanyakazi wake walinusurika: walikuwa wanakunywa bia. Pengo kwenye ramani nalo lina habari yake, na la kwetu lilikuwa nyumba zilizofungwa.

Ramani imebandikwa chini ya karatasi hii. Haina majina ya watu, nukta tu, maana hatukutumwa kumwanika mtu. Nukta za kijivu ni nyumba ambazo hatukumkuta mtu hata mara ya pili. Kama yako ni ya kijivu, tafadhali mwone Katibu kabla ya kura ya kisima, au mtume mtoto na namba ya dakika. Asiyejua dakika aseme anaondoka saa ngapi na kurudi saa ngapi. Tutahesabu wenyewe.

Kamati ya Maji