Karama ya Imani

Kuamini Kristo ni kwa kila Mkristo. Lakini katika 1 Wakorintho 12:9 Paulo anataja imani ambayo Roho humpa mtu mmoja, si wote, kwa faida ya wote. Kwa hivyo mama akimpeleka mtoto hospitali, asiambiwe ati hana imani!

George Müller alifungua nyumba ya mayatima Bristol, Uingereza, mwaka 1836. Hakuomba mtu pesa, alimwomba Mungu tu. Hata hivyo alikana kuwa na karama hiyo. Na hesabu za pesa aliziandika, akazitangaza kila mwaka. Mweka hazina akisema “tuamini tu”, mwambieni alete daftari.