Faini Nyepesi na Roho ya Mfanyakazi

Sheria ya Marekani ya mwaka 1970 juu ya usalama na afya kazini iliagiza kwamba mwajiri akhalifuye kanuni zake kwa makusudi atozwe, kwa kila kosa, faini isiyozidi dola 10,000. Na ingawa Bunge la nchi hiyo lilikipandisha kiwango hicho mwaka 1990 hata kikafika dola 70,000, kiliachwa papo hapo kwa robo karne, thamani ya fedha ikipungua, mpaka sheria ya mwaka 2015 ilipoamuru kifuate kupanda kwa bei, na mwaka uliofuata kikawa dola 124,709.

Hapo pana ibra kwa kila taifa litungalo sheria za kazi. Faini nyepesi, tajiri mwenye mali huihesabu miongoni mwa gharama za biashara, akaona ni nafuu kuilipa kuliko kununua kinga ya mashine. Na hiyo ni dhuluma, kwa kuwa mkono uliokatika haurudishwi na fedha yoyote. Basi insafu yataka adhabu ipite faida ya uasi, na mkaguzi afike kabla ya maafa, wala si baada ya mazishi.