Chuo Kilichokuja kwa Njia ya Msafara: Tarehe ya Chuo cha Askofu Tucker, Mukono



Nimetakiwa niseme juu ya tarehe ya chuo kimoja kidogo cha Kikristo, nami nimechagua Chuo cha Askofu Tucker kilichoko Mukono, mwendo wa takriban kilomita 20 kutoka hapa Kampala tulipo kwa barabara ya Jinja. Chuo ambacho wengi wenu mnakijua leo kwa jina la Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda, na ambacho watoto wa baadhi yenu wamesomea kwa karo iliyopatikana katika sabuni, chumvi na mchele unaouzwa katika ujia huu wa Kikuubo. Huenda mtu akauliza, na ni haki yake kuuliza, kwa nini mada ya chuo cha makasisi isomwe ghorofani sokoni, juu ya vichwa vya wapagazi wanaopiga kelele wapishwe njia, ilhali kilima cha Namirembe chenye kanisa kuu kiko hapo juu tu. Jawabu langu ni kwamba tarehe ya chuo kile, ikifuatwa hadi kwenye shina lake, haianzii Mukono wala Namirembe: inaanzia katika biashara, tena inaanzia katika Kiswahili, na jambo hili wenye kuandika tarehe zake rasmi aghalabu hulipita upesi upesi, wakakimbilia tarehe ya kuweka jiwe la msingi.

Tangu miaka ya 1840, zama za Kabaka (yaani mfalme) Suuna, misafara ya Waarabu na Waswahili ilikuwa imekwisha kufika Buganda ikileta nguo, bunduki, shanga na kauri, na kuondoka na pembe za ndovu, na, lisemwe bila kuficha, watumwa. Kwa misafara hiyo Kiswahili kiliingia barazani kwa Kabaka, kikawa lugha ya kupokelea wageni na kuandikia barua, na Kabaka Mutesa mwenyewe akakijua, pamoja na kujua kusoma herufi za Kiarabu. Henry Morton Stanley alipofika mwaka 1875 na kuzungumza na Mutesa juu ya dini, mtu aliyeachwa nyuma ili amsomee Kabaka Maandiko hakuwa Mzungu, bali kijana Mwafrika aitwaye Dallington Maftaa, aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa Unguja katika misheni ya Waanglikana inayojulikana kwa herufi za UMCA, misheni ile iliyohamia kisiwani mwaka 1864 na kuanza kazi yake ya kusomesha kwa watoto watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Kutokana na mwanzo huo mdogo kikazaliwa chuo cha Kiungani, ambacho mwaka 1925 kilihamia bara, Minaki. Lakini hicho ni kisa cha siku nyingine. Linalotuhusu hapa ni hili: mwalimu wa kwanza wa Kikristo kuketi Buganda alikuwa zao la shule ndogo ya pwani, alikuja na msafara, na alifundisha kwa lugha ambayo mteja wa kutoka Beni na mwenye duka wa Kampala wanapatania nayo bei ya katoni ya biskuti hapo chini wakati huu ninaposema.

Wamisionari wa Kiingereza wa misheni ya Kianglikana ya CMS walifika tarehe 30 Juni 1877, na mwaka uliofuata akafika Alexander Mackay, Mskoti, fundi wa mitambo, mtu wa nyundo na tezo kuliko wa mimbari. Huyu alianza kufundisha kwa Kiswahili, kwa sababu iliyo dhahiri: ndiyo lugha ambayo yeye na vijana wa ikulu waliweza kukutana ndani yake, na ndiyo iliyokuwa na vitabu, maana Askofu Edward Steere huko Unguja alikuwa akifasiri Maandiko na kuyapiga chapa. Basi wasomaji wa mwanzo, wale ambao baadhi yao waliuawa kwa imani yao Busega mwezi wa Januari 1885 na wengine kuchomwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886, waliifahamu Injili kwanza kwa Kiswahili, kisha wakaelezana kwa Kiganda. Na Mackay alitumaini kwamba iko siku Kiswahili kitakuwa lugha moja ya nchi hizi zote za kati ya Afrika. Alifariki mwezi wa Februari 1890 huko Usambiro, kusini ya ziwa, na tumaini hilo hakuliona likitimia.

Mwaka huo huo wa 1890 ndipo alipokuja mtu ambaye chuo kinaitwa kwa jina lake. Alfred Robert Tucker alikuwa mchoraji wa picha kabla hajawa kasisi, na mtu mwenye miguu ya chuma, kwani alitembea kutoka pwani mpaka Mengo, makao ya Kabaka, zamani za kabla ya reli, akatembea tena na tena. Mema yake ni mengi, wala sitaki yapotee katika shauri langu: aliwawekea mikono Waganda wa kwanza kuwa mashemasi mwaka 1893, ambapo wenzake wengi wangaliwaweka wangoje miaka mingine 30, na alishikilia kwa ukaidi wa heshima kwamba mmisionari Mzungu na kasisi Mwafrika wawe chini ya katiba moja ya kanisa moja, jambo ambalo wamisionari wenyewe walilipinga kwa muda mrefu, mpaka katiba ikapita mwaka 1909, tena ikiwa imepunguzwa makali. Walakini katika kitabu chake cha kumbukumbu, kilichotoka mwaka 1908, aliandika waziwazi kwamba tumaini la Mackay yeye halitaki asilan. Kwamba lugha moja ni jambo jema, lakini lugha hiyo iwe Kiingereza, si Kiswahili, kwa kuwa Kiswahili kwake kilikuwa mlango wa Uislamu na wa upotevu.

Hapa sina budi kutoa hukumu yangu. Askofu Tucker alikosea, na alikosea katika jambo ambalo angeliweza kulijua. Unguja, ambako watu walikuwa wamesilimu kwa karne nyingi kabla ya kuja kwake, Wakristo walisali kwa Kiswahili na kuimba kwa Kiswahili, na Steere alikuwa amekwisha kulifasiri Agano Jipya zima kabla Tucker hajaitia Afrika machoni. Lugha haina dini, ina wasemaji. Lakini rai ya askofu haikubaki kitabuni. Ilikutana na fahari ya Waganda kwa lugha yao, ambayo ni fahari ya haki, na baadaye ikakutana na chuki ya Kiswahili cha askari na cha magereza. Na mambo hayo yakafungamana, hata nchi hii ikaja kuiweka lugha hii katika katiba yake kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005 tu, na mpaka leo mwalimu wa Kiswahili akiingia darasani Kampala huulizwa kwanza kama ametoka Kenya.

Kiganda kilipata mfasiri wake hodari, George Pilkington, aliyeikamilisha Biblia mwaka 1896 na kuuawa mwaka uliofuata katika maasi ya askari wa Kinubi. Biblia hiyo ilikuja kupigwa chapa kwa umbo la ajabu: fupi, nyembamba, lakini nene kama tofali, ili ienee ndani ya bati la biskuti, na mchwa na mende wasiile. Watu walikuwa wakinunua vitabu kwa kauri, zile zile zilizoletwa na misafara. Mfanyabiashara wa Kikuubo hahitaji kufafanuliwa hekima ya jambo hili. Bidhaa isiyofungwa vizuri haifiki Juba.

Kanisa lenye wasomaji wengi namna hiyo lilikuwa na makasisi wachache kupita kiasi, na mafunzo yaliyokuwa yakitolewa Namirembe hayakutosha. Tucker alistaafu mwaka 1911, Askofu Willis akashika nafasi yake, na mwaka 1913 chuo kikaanzishwa Mukono, katika Kyaggwe, jimbo ambalo Sekiboobo wake, yaani mkuu wa saza, alikuwa Hamu Mukasa. Mtu huyu anastahili kutajwa kwa zaidi ya cheo. Alikuwa mmoja wa wale vijana waliojifunza kusoma ikulu katika siku za hatari. Mwaka 1902 alifuatana na Katikiro (yaani waziri mkuu) Apolo Kagwa kwenda Uingereza kuhudhuria kutawazwa kwa Mfalme Edward wa 7, na aliporudi akaandika kitabu cha safari ile, akiwaeleza Waganda mambo ya Wazungu kwa jicho lile lile la udadisi ambalo Wazungu walikuwa wakiwatazamia Waganda. Maktaba ya chuo leo inaitwa kwa jina lake. Na kwa maoni yangu hilo ni jina linalofaa kuliko yote yaliyoandikwa katika milango ya pale.

Miaka ya kwanza ya chuo haikuwa na makuu: makasisi na waalimu walifundishwa, wakatawanyika vijijini. Nitairuka, nisimame mwaka 1941, kwa kuwa hapo ndipo unapoonekana udogo wa chuo ni kitu gani.

Uamsho ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, na ambao chimbuko lake moja lilikuwa hapa Namirembe mwaka 1929, pale Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church walipoketi pamoja kusoma na kuomba, ulikuwa umeingia mabwenini. Wenye uamsho waliitwa Balokole, waliookoka. Waliamka usiku wa manane kusali. Walihubiri ndani ya chuo bighairi ya idhini. Waliungama dhambi zao hadharani, na, lililowachoma wakubwa kuliko yote, waliwataka waalimu wao nao waungame. Mkuu wa chuo, Kasisi John Jones, akatoa kanuni za kuzuia mikutano ya kabla ya mapambazuko na mahubiri yale ya vikundi. Wakakataa kuzitii. Mwezi wa Oktoba 1941 wanafunzi 26, William Nagenda akiwa mbele yao, wakafukuzwa.

Katika chuo kikubwa watu 26 hupotea na asijue mtu walikopotelea. Mukono walikula katika ukumbi mmoja, waliitwa kwa kengele moja, na kila mmoja aliijua sauti ya mwenzake akisali gizani. Kwa hiyo ugomvi juu ya saa ya kuamka ulitosha kulitikisa kanisa la nchi nzima. Simhesabu Jones kuwa dhalimu, kama wasimulizi wengine wa uamsho wanavyomhesabu. Mkuu wa chuo ana haki ya kuweka saa ya kulala, na kijana anayemwambia mwalimu wake mbele ya watu kwamba hajaokoka hana adabu, awe na Roho au asiwe naye. Lakini aliyapima mambo kwa kipimo cha nidhamu ya bweni, hali yalikuwa yamekwisha kuwa makubwa kuliko bweni. Vijana wale walikuwa wakiuliza nani mwenye amri ya kusema katika kanisa la Afrika, na swali la namna hiyo halijibiwi kwa ubao wa matangazo.

Nagenda hakupata ukasisi maishani mwake. Alihubiri Afrika ya Mashariki yote na Ulaya, akiwa mtu wa kawaida tu, hadi alipofariki mwaka 1973. Balokole nao hawakujitenga kuanzisha kanisa lao, jambo ambalo lingetokea mahali pengine popote, na Askofu Stuart, aliyekuwa Askofu wa Uganda wakati huo, ana sehemu yake katika kusitahimiliana huko. Mwaka 1945 akaja mkuu mwingine, John V. Taylor, aliyekaa mpaka mwaka 1954. Mtu msikivu, ambaye baadaye aliandika juu ya kukua kwa kanisa Buganda kwa uangalifu ambao wenyeji wenyewe waliusifu, akaishia kuwa Askofu wa Winchester. Na mwaka 1966, Erica Sabiti, Mlokole, akawa askofu mkuu wa kwanza mzalendo. Waliotolewa kwa lango la Mukono wakaingia kwa lango la Namirembe, tena bila ya kuvunja kufuli.

Mwaka 1997 Kanisa la Uganda likakigeuza chuo kuwa chuo kikuu, na mwaka 2004 kikapewa hati ya serikali, cha kwanza miongoni mwa vyuo vikuu vya binafsi nchini. Sheria, biashara na uandishi wa habari vikaja na wanafunzi kwa maelfu, na masomo ya dini yakabaki shule moja kati ya nyingi, yenye jina la Askofu Tucker. Wako wanaosikitika. Mimi sisikitiki sana, maana chuo cha makasisi peke yake kisingeliweza kujilisha, na karo ya mwanasheria ndiyo inayolipa mshahara wa mwalimu wa Kiebrania. Ila nakiri kwamba ugomvi kama ule wa 1941 hauwezi kutokea tena pale, na sina hakika kwamba hiyo ni faida tupu.

Sasa nina ombi kwa kikao hiki. Nyaraka za Kanisa la Uganda, zilizokuwa zimewekwa Namirembe, zimehifadhiwa katika chuo kile kile. Sisi tulio hapa ni waalimu wa Kiswahili, na miongoni mwetu wamo wazee wanaosoma Kiswahili cha kale, hata kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Napendekeza tuchague watu watatu, tuwalipie nauli ya teksi kutoka Old Taxi Park hadi Mukono, na tuombe ruhusa kwa barua iliyoandikwa vizuri, ili waende wakatafute katika makaratasi hayo mahali popote Kiswahili kilipotumika, katika barua, katika hesabu za vitabu vilivyouzwa, hata katika orodha za wapagazi wa misafara, watuletee maelezo katika kikao kijacho. Nauli ya mtu wa kwanza nitaitoa mimi.