Hesabu Sarafu Zako Kabla ya Kutoka Nyumbani



Leo tuzungumze juu ya sarafu zinazojaa makopo ya nyumbani. Mama mmoja wa darasa letu huuza maandazi. Alikuwa akibeba kopo lake hadi dukani, mwenye duka anahesabu, yeye anapokea noti tu. Kiasi gani? Hajui.

Siku moja tulimwaga kopo lile juu ya mkeka. Tukazitenga sarafu kwa aina, kisha tukazipanga kumi kumi. Kumi za shilingi 50 ni 500. Za 100 ni 1,000. Za 200 ni 2,000. Za 500, sarafu iliyotoka mwaka 2014, ni 5,000. Jumla ikawa 21,300. Mama akaandika daftarini kwa mkono wake mwenyewe.

Dukani akaambiwa ni 18,800. Akafungua daftari, akasema, "Tuhesabu tena, baba." Zikahesabiwa. Akapewa 21,300 zake.

Basi ndugu, fanyeni hivyo. Tena msizilaze sarafu miaka mingi. Bei hupanda, na hela ya kopo haizai. Zibadilisheni, mweke akiba benki au kwenye kikundi. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kipimwe na mwenyewe.