Chuo Kijani Kinaanzia Jikoni

Hapa Kurasini, Dar es Salaam, wanafunzi wa Chuo cha Diplomasia na wenzao wa Chuo cha Uhasibu wanasoma jirani na malori ya bandarini. Tuwatazame wenzetu wa kwingine wanavyotunza mazingira. Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi, kilifunga mitambo ya umeme wa jua juu ya mapaa yake mwaka 2014, yenye uwezo wa kilowati 600. Uholanzi, wanafunzi wengi huenda darasani kwa baiskeli, kwa kuwa njia za baiskeli zimetenganishwa na za magari. Hatuwezi kumtaka kijana wetu apande baiskeli Barabara ya Kilwa katikati ya matrela. Njia salama ijengwe kwanza.

Jikoni, hata hivyo, hatuna kisingizio. Serikali yetu iliagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo Januari 31, 2024. Anayeokolewa kwanza ni mpishi, maana moshi ule anauvuta yeye kuanzia alfajiri. Afya ya jikoni si ya mpishi tu; nawe mwanafunzi, wali wa mama lishe wenye dagaa, maharage na matembele utakujenga kuliko chipsi na soda za kila siku. Mwombe akupakulie mboga zaidi.